Kibuyu cha Kurudia

Wajukuu zangu hawatoki kwenda hata Rangi Tatu bila chupa ya maji mkononi. Rangi Tatu, hapo tu, ukiita kwa sauti unasikika. Wanainunua dukani, wanainywa nusu, nusu wanaiacha juu ya kiti, na jioni mie ndiye ninayezunguka kukusanya machupa na kumwagilia mchicha. Nikiwauliza hayo maji yana ladha gani, wananicheka. "Babu nawe, maji ni maji." Haya. Maji niliyokunywa mie ujanani yalikuwa na ladha, tena ningeweza kukwambia yamejazwa na mkono wa nani. Na ni kwa sababu ya maji mke wangu nusura arudi kwao.

Nazungumzia miaka ile baada ya vita vya Hitla. Mwingereza bado yupo, na Mbagala hii mnayoiona imesongamana ilikuwa mihogo na minazi, nyumba hapa, nyumba kule, na Barabara ya Kilwa ya mchanga katikati. Mie nilikuwa mkwezi. Napanda minazi ya watu, naangusha nazi, nalipwa, nashuka. Lakini kiangazi kikikolea nilikuwa naingiaga porini na mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki. Mjomba alikuwa na gobori lake, leseni yake ya kuwindia, ya Bwana Nyama wa serikali, ameikunja kwenye kopo la tumbaku, na hakuna mtu upande ule wa Temeke aliyejua pori la kusini kumshinda. Tulikuwa wawili tu, mie na yeye. Hakupenda watu wengi porini, alisema wanamfanya aongee.

Watu wakisimulia mawindo wanasimulia bunduki na mnyama. Mie nikikumbuka, nakumbuka uani kwa mjomba siku ya kufungasha. Mkeka unatandikwa kivulini baada ya sala ya adhuhuri. Vikapu viwili vya ukindu vinatolewa ghalani na kukung'utwa vumbi. Kisha vitu vinapangwa: mihogo mikavu chini kabisa, juu yake mtama uliokaangwa ukatwangwa kidogo, ambao ukiutia maji kiganjani ni chakula tayari, halafu karanga, halafu chumvi ya kutia nyama, ndani ya kifuu kilichofungwa kitambaa. Vibuyu vya maji vinakuja mwisho, kila kimoja na wavu wake wa kamba na gunzi la hindi mdomoni. Harufu ya mtama wa moto naisikia hadi leo. Nikipita mahali wanakaanga, miguu inasimama yenyewe.

Mjomba alikuwa na masharti, na masharti yake hayakuwa mchezo. Hakuna kuruka kikapu kilichokwisha kufungwa. Hakuna kumuuliza mtu anarudi lini. Papa mkavu hafungwi, kitunguu hakifungwi, na mie mwenyewe nilikatazwa kupaka mafuta ya nazi kichwani siku kadhaa kabla ya safari, kwa sababu mnyama anakunusa mbali kabla hajakuona. Waliorudi vitani walikuja na chupa za maji za bati, wakawa wanajishaua nazo. Mjomba akapewa moja, akaitikisa, ikagonga, akairudisha. Alisema hiyo ni kengele. Yeye na vibuyu vyake, vibuyu vya miaka mingi, vyeusi kwa kushikwa, ambavyo maji yake yalikuwa hayanuki kitu chochote.

Mwenye kazi ya kufungasha alikuwa mkewe, tuliyemwita mkaza mjomba. Mjomba aliamini kuna mkono mwepesi na kuna mkono mzito. Mkono mwepesi ukikufungia safari, unarudi na nyama, chakula kinatosha, maji yanatosha. Mkono mzito, utahangaika. Na mwanamke aliyefungasha ndiye aliyepewa sarara mnyama akifika, ile nyama laini ya mgongoni, tena ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala. Wanawake wengine wa nyumba ile walikula, walilala, walisalimiwa vizuri tu, lakini mambo ya uani hawakuulizwa. Mtu wa namna hiyo alikuwa mgeni, hata akae miaka.

Basi mkaza mjomba akaanza kuota mtoto wa jicho. Akawa anafungasha kwa kupapasa. Alijitahidi, masikini, mpaka safari moja akatufungia magadi kwenye kifuu cha chumvi. Tulichoma kanga wetu, mjomba akanyunyiza, akatafuna. Mie nilitema. Yeye alikula mpaka mfupa. Tulipofika nyumbani mkewe akamuuliza kama chumvi ilitosha, akamjibu imetosha kabisa. Ndivyo alivyokuwa mjomba: uso umekunjwa saa zote, na ndani laini, ila uusubiri huo ulaini mpaka nywele zikuote mvi.

Mwaka uleule nikaoa. Nilimpata Msasani, mahali nilipokwenda kukwea minazi nyuma ya duka la baba yake. Kwao walikuwa Waarabu wa zamani, babu wa babu alishafungua duka pale, watu wa dini na usafi, chetezo hakizimi nyumbani. Nilikuwa juu ya mnazi nikamwona uani anaanua nguo, nikaangusha dafu pasipotakiwa. Sitasema zaidi, wajukuu wanasoma. Baba yake alikubali baada ya kusumbuana sana. Mama yake hakukubali, alinyamaza tu. Na siku ya kumchukua, mbele yangu na mjomba, masikio yetu yakisikia, akamshika bintiye mabega akamwambia, "Mlango wangu wa uani siutii komeo. Ukichoka na huko mashamba, usipige hodi, sukuma uingie." Maneno hayo yaliniuma, na nikiyakumbuka sasa hivi yananiuma bado.

Bibi harusi alipofika Mbagala, mjomba alimwacha apumzike, amalize ugeni wake. Kisha siku moja, baada ya kuitikia shikamoo yake, akamwambia, "Binti, kiangazi hiki utatufungashia wewe. Chote. Tuutazame mkono wako." Halafu akanigeukia mie, kana kwamba mwenzangu hasikii. "Mkono wake ukiwa mzito, namrudisha binti yangu wa Kongowe aje ashike ghala."

Usiku ule mke wangu hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na furaha. Aliniambia, "Bora hivyo. Mie sitaki kukaa hapa kama mgeni aliyesahau kuondoka. Nikifungasha vizuri, hapa ni kwetu."

Na alifungasha vizuri, wallahi. Mkaza mjomba alikaa pembeni ya mkeka akimwelekeza kwa mdomo, na yeye akapanga kila kitu mahali pake, akaongeza tende na ndimu kutoka dukani kwa baba yake. Mie nilikuwa juu ya minazi ya watu siku hiyo. Niliporudi nikaona vikapu vimefungwa, vimefunikwa kawa, na yeye amekaa kando yavyo amevaa khanga mpya. Nilijisikia fahari mpaka nikashindwa kuificha.

Tukaondoka alfajiri. Tulipita Kongowe, tukaacha barabara, tukashika vijia, mpaka tukafika kwenye vichaka ambako mbawala walikuwa wanatoka jioni kula majani. Tukajilaza. Dume likatoka, kubwa, likaja taratibu kutuelekea. Mjomba hajainua gobori bado. Ghafla likainua pua, likasimama, likabweka mara moja, likapotea. Mjomba akanitazama, mie nikajitazama. Sikupaka mafuta, sikula kitunguu. Ndipo akavuta kibuyu, akang'oa gunzi, akanywa fundo moja, akabaki nalo mdomoni muda mrefu kabla ya kumeza.

"Humu nani anaolewa?" akaniuliza.

Nikakipokea, nikanusa. Ubani. Ubani mtupu, ule mzuri wa Msasani. Mke wangu alikuwa amewasha chetezo, akapindua vibuyu vya mjomba kimoja baada ya kingine juu ya moshi, akaviziba vishibe, kisha akajaza maji. Vyote, hakubakiza. Kila tukitembea, maji yakipenya kidogo pembeni ya magunzi, tulikuwa tunanukia pori zima. Tulirudi bila hata kanga mmoja.

Mjomba hakumwambia neno, maana adabu haikuruhusu agombane na mke wa mpwa wake. Aliniambia mie nikamwambie. Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu, na hapo ndipo nilipojua nimeoa mtu wa namna gani.

"Kwetu mgeni akipewa maji yasiyofukizwa, anajua amefukuzwa. Leo nikufungie wewe maji makavu, uende nayo huko porini na bunduki, ukiyanywa utanifikiriaje?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Lakini alivichukua vile vibuyu akaviosha kwa majivu, akaviosha kwa mchanga, akaviosha kwa ndimu, akavianika juani. Bure. Kibuyu kikishashika harufu kimeshika, imeingia kwenye nyama yake. Safari ya pili tulinukia kidogo kuliko ya kwanza, lakini wanyama hawakutaka kujua habari za kidogo. Tukarudi hivihivi tena.

Sasa mjomba alisema. Alisema uani, mkewe yupo, mie nipo, na mke wangu yuko jikoni anageuza mihogo na mlango uko wazi. "Nilisema kiangazi chote, na mie maneno yangu sirudishi nyuma. Imebaki safari moja kabla ya mvua. Tukirudi mikono mitupu, vikapu na ufunguo vinakwenda Kongowe." Hakupandisha sauti. Angepandisha ningepata pa kujibia.

Jioni ile nilimkuta mke wangu chumbani anakunja nguo zake na kuzipanga kwenye sanduku alilokuja nalo. Alipomaliza alilisukuma miguuni mwa kitanda, bila kulifunga. Nilikuwa najua kule Msasani kuna mlango usio na komeo, na kwamba kaka yake alishaleta salamu kuwa atapita na baiskeli kuja kututazama. Niliogopa. Mtu aliyekwea minazi mirefu ya Mbagala yote, nikalala natazama paa.

Siku ya kufungasha safari ya mwisho alifanya kazi kimya. Mkaza mjomba alikuwa amemtafutia vibuyu vipya kwa jirani, na yeye alivitia maji na changarawe, akavitikisa, akamwaga, akarudia kutwa nzima mpaka uchungu wa kibuyu kipya ukapungua. Hakuna ubani. Mjomba alikuja akavinusa kimoja kimoja, akaondoka bila neno, na kwake hiyo ilikuwa sifa. Lakini tulipokuwa tunatoka, mke wangu alinivuta nyuma ya nyumba, akanivika begani kibuyu kimoja cha zamani, kidogo, kilichofukizwa hasa.

"Hiki hakimhusu mjomba," akasema. "Usikiguse mkiwa mnakwenda. Ukishageuka kuja nyumbani, mnyama hana kazi na wewe tena. Hapo ndipo unywe, ujue ni mie."

Ningefanya nini? Nilikivaa. Mjomba alikisikia kabla hatujafika mbali, lakini alivumilia mpaka mwisho wa vijia, kwenye kijito kilichokauka chenye mikoche mingi. Hapo akasimama. "Hicho mbele hakiendi," akasema. "Kizike hapo, utakichukua ukirudi." Nikafukua mchanga chini ya mkoche mmoja, nikakizika, nikaweka jiwe juu, tukaendelea.

Safari ile ilianza vizuri. Siku ya kwanza ya kuwinda mjomba alimpiga kongoni. Lakini risasi ilimpata nyuma, hakuanguka, akaenda na damu. Sasa mnyama aliyejeruhiwa huwezi kumwacha, ni dhambi na ni aibu, na zaidi ya hayo ile ilikuwa nyama ya mke wangu kubaki. Mjomba alijua na mie nilijua, ingawa hatukusema. Tukamfuata. Jua likapanda, tukamfuata. Tulikunywa bila kubana kwa sababu mbele kulikuwa na dimbwi ambalo mjomba alilijua tangu ujana wake, halijawahi kumwangusha. Tulipofika tukakuta nguruwe wameligeuza tope, tope lenyewe limekauka juu limepasukapasuka. Tulichimba kwa mikono. Yalitoka maji meusi kidogo, hata ulimi hauloi.

Vibuyu vilikuwa vimebaki tone. Nilimwambia mjomba tugeuke. Akakataa, akasema damu bado mbichi, yuko karibu. Nikamwambia tena. Akaniambia, "Tukirudi hivi, yule binti anaondoka. Unadhani mie nataka aondoke?" Nikamfuata. Ilikuwa mara ya kwanza kunionyesha kwamba jambo lile linamsumbua kama linavyonisumbua mie.

Damu tukaipoteza kwenye mawe. Kongoni sikumwona tena, Mungu anajua alikoishia. Tulipogeuka, mjomba alikuwa ameacha kutoka jasho. Ngozi imekauka, macho yametulia vibaya. Akaanza kusema mambo yasiyoeleweka. Aliniita kwa jina la mama yangu, dada yake, akaniambia nimfungie mbuzi. Nilichukua gobori, nikaacha vikapu vyote vichakani, nikamtia mkono wake shingoni mwangu, tukatembea. Ulimi wangu ulikuwa umevimba mdomoni, na mate niliyasahau. Sijawahi kuchungulia kaburi karibu vile, si kabla wala baada. Na njia nzima nilikuwa nawaza kitu kimoja: mikoche, mikoche, mikoche.

Tukafika kwenye kijito jua likiwa limelegea. Mikoche ile pale. Lakini ilikuwa mingi, yote sawa, mchanga wote sawa, na mawe yamejaa tele. Nilijiona mjinga wa kwanza duniani, mtu anayejua minazi ya watu wote kwa sura, ameshindwa kuujua mkoche mmoja. Nilifukua hapa, nikafukua pale. Mjomba nilimkalisha kwenye shina, ameinamisha kichwa. Nilikuwa nimepiga magoti nalia, machozi hayatoki.

Ndipo mjomba akainua pua. Sitii chumvi, alifanya kama yule mbawala, aliinua pua akatulia. "Harusi hiyo," akasema, akanyoosha mkono kushoto.

Nilikwenda alikoonyesha, mkoche wa pili kutoka pale. Jiwe langu lilikuwa limesogezwa, labda na mnyama, na mchanga juu umelowa kidogo, kwa kuwa kibuyu cha zamani hutoa jasho. Nilipoinamisha uso nikausikia na mie: ubani. Nikafukua kwa kucha zote. Nikang'oa gunzi nikampa yeye kwanza, kidogo kidogo, namzuia asimeze kwa pupa, na yeye ananipiga mkono niache. Kisha nikanywa mie. Yalikuwa baridi. Yalikuwa na ladha ya chumba chetu, ya khanga yake, ya Msasani. Nilikunywa nikamwona amekaa kando ya vikapu. Mjomba alifuta mdomo kwa kiganja, akatazama kile kibuyu, akanywa tena, akafumba macho. Tulilala palepale, na asubuhi kilikuwa kimebaki cha kutufikisha kisima cha kwanza.

Tulifika Mbagala mchana wa siku ya pili, midomo imepasuka, vikapu hatuna, nyama hatuna. Na uani tukamkuta shemeji yangu kutoka Msasani, kaka yake mke wangu, baiskeli ameiegemeza ukutani, anakunywa kahawa. Mke wangu alitutazama mikononi mwanzo, kisha nyuso. Aliingia ndani. Mkaza mjomba, asiyeona, akauliza, "Mmerudi na nini?"

Mjomba aliomba mkeka. Akakaa, akaomba watu wa uani wote waje, na mke wangu aitwe. Akatoka, amejifunga khanga vizuri, kama mtu aliye tayari. Nilikuwa nimesikia sanduku likisogea sakafuni kabla hajatoka.

"Nilisema tukirudi mikono mitupu," mjomba akaanza, "ufunguo unakwenda Kongowe. Nilisema, sikatai." Akanishika bega. "Sasa mie nimerudi na mpwa wangu. Na mpwa wangu amerudi na mie. Hiyo si mikono mitupu."

Akamgeukia mke wangu. "Binti. Safari zote utafungasha wewe. Vibuyu vya kwendea visinuke, nisisikie hata kidogo. Lakini kimoja ukifukize kama unavyofukiza kwenu. Hicho tutakizika kwenye mikoche, hatukigusi mpaka tumegeuka." Halafu akamgeukia shemeji yangu, aliyekuwa haelewi lolote, kikombe kiko hewani. "Na wewe, ukifika Msasani msalimie mama. Mwambie ule mlango sasa autie komeo."

Mke wangu aliingia jikoni, akakaa huko muda mrefu. Nilimfuata. Alikuwa analia huku anapuliza moto ambao haukuwa na haja ya kupulizwa. Mie nami nililia, siwezi kuficha, umri huu nimfiche nani.

Ndivyo kilivyoanza kibuyu cha kurudia. Miaka iliyofuata tulikizika palepale, na jirani zetu wawindaji walianza kwa kutucheka, wakaishia kuomba ubani dukani kwa baba mkwe wangu. Nyama tulipata, sarara akala. Lakini ukiniuliza nini nilikipenda katika mawindo yote, si kongoni, si mbawala. Ni pale tunapoifikia mikoche, tumechoka, tunanuka moshi na damu, mjomba anakaa chini, ananyoosha miguu, na kusema, "Haya, fukua." Tunakunywa kwa kupokezana, hatusemi. Baada ya hapo njia ilikuwa haina urefu.

Pori lile halipo tena. Nimesikia mikoche imekatwa, pamejengwa. Bwana Nyama alipokaza masharti ya magobori mjomba alilirudisha lake, akarudi kulima, akazeeka haraka kuliko alivyostahili. Uhuru ulikuwa unakaribia alipolala kitandani akashindwa kuinuka. Binti zake walikuja, yule wa Kongowe naye, kila mmoja na kikombe chake cha maji. Akawa anafumba mdomo. Walidhani hawezi kumeza. Yule wa Kongowe akaanza kulia.

Mjomba akaniita kwa kidole. Nikainama. Akaniambia, "Hawa wananipa ya kwendea."

Nilitoka nikamwambia mke wangu. Aliwasha chetezo, akapindua kile kibuyu kidogo cha zamani, akakiacha kishibe moshi, akajaza maji ya mtungini, akaingia nacho. Alimwinua kichwa kwa mkono mmoja. Mjomba alinusa kwanza, akanywa, akanywa tena, akafuta mdomo kwa kiganja kama alivyofanya siku ile kwenye mchanga. Kisha akamshika mke wangu kifundo cha mkono, akakipima hewani taratibu, kama mtu anayepima nazi.

"Mwepesi," akasema.